Namna ya Kumpa Paka Ukuu wa Stesheni: Mwongozo kwa Wenye Reli Inayokata Roho

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye vitu vinne: stesheni ndogo, abiria wanaopungua, hasara inayokua, na paka. Kama paka huna, endelea kusoma. Paka anaingia hatua ya tano, na wengi wanaoiharibu kazi hii huiharibu kwa kuanza naye.

Kielelezo chetu ni kimoja tu: stesheni ya Kishi, katika mji wa Kinokawa, mkoa wa Wakayama, Japani. Kinokawa ni mji wa wakulima wa matunda, kusini mwa Osaka, ulioundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha miji midogo mitano. Reli yake, njia ya Kishigawa, inaanzia jukwaa namba 9 la stesheni kuu ya Wakayama, inapita stesheni 14 katika kilomita 14.3, na baada ya nusu saa hivi inaishia Kishi. Treni ina mabehewa mawili na dereva hana kondakta. Ingefungwa, wangelia wenyeji tu. Leo watu wanapanda ndege kutoka Taiwan na Hong Kong kwenda kuiona, na aliyewaita ni paka jike mwenye kofia.

Habari hii husimuliwa kama muujiza: palikuwa na reli inakufa, akaja paka, reli ikapona. Mimi naiamini kwa namna nyingine. Reli ile iliokolewa na watu, kisha paka akawaalika wageni. Ukifuata mpangilio huo utafika. Ukiugeuza, utabaki na paka.

Utakavyohitaji

- Reli moja yenye umri mkubwa kuliko wanaotaka kuifunga.
- Majirani elfu kadhaa, kila mmoja na yeni 1,000 mkononi.
- Serikali ya mkoa na za miji zilizo tayari kulipa, siyo kuahidi.
- Kampuni moja isiyoona haya kuokota kilichotupwa.
- Msanifu mmoja mahiri.
- Paka mmoja mtulivu.
- Kofia moja, saizi ya paka.

Hatua ya 1: Hakikisha reli yako ilizaliwa kwa sababu

Reli isiyo na sababu haiokoki hata umpe simba ukuu wa stesheni. Chukua karatasi uandike: reli hii ilijengwa impeleke nani, wapi? Kama jibu lako ni kwamba ilijengwa ili mkubwa fulani akate utepe, hatua zinazofuata hazitakufaa.

Jibu la Kishi lipo tangu mwaka 1916, ilipofunguliwa reli nyepesi ya Sando. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka waumini kwenye mahekalu matatu ya Kishinto yaliyo kando ya njia: Nichizengu, Kamayama na Idakiso. Wenyeji walikuwa na desturi ya kuyazuru yote matatu kwa mfululizo, na treni ikawarahisishia mguu. Hekalu la Idakiso ni la mungu wa miti, jambo lisiloshangaza katika mkoa uliojaa milima na misitu.

Mwaka 1933 reli ikasogezwa hadi Kishi. Hapo ikapata kazi ya pili, ambayo haikupambwa na sherehe yoyote lakini ndiyo iliyoilisha kwa miongo mingi: kuwapeleka watoto shule, wazazi kazini na wagonjwa hospitali. Mwaka 1961 ikaingia mikononi mwa kampuni kubwa ya Nankai ya Osaka. Mwaka 1974 ilibeba abiria wapatao milioni 3.6. Yaandike yote hayo kwenye karatasi yako, halafu uitunze. Utaihitaji siku utakapoambiwa kwamba reli yako haina kazi.

Hatua ya 2: Itazame hasara usoni

Siku hiyo itafika. Barabara zitapanuliwa, kila nyumba itanunua gari, watoto watazaliwa wachache, na treni ya saa nne asubuhi itakuwa na bibi mmoja na mwavuli wake. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, abiria wa njia ya Kishigawa walikuwa wameshuka chini ya milioni 2 kwa mwaka, na hasara ya kila mwaka ilikuwa kama yeni milioni 500.

Jambo jingine lilikuwa limebadilika kimyakimya. Tangu mwaka 2000, sheria ya reli ya Japani haimtaki tena mwenye njia kuomba kibali cha kuifunga. Anatoa taarifa mwaka mmoja kabla, basi. Mwezi Septemba 2004 Nankai ikatoa taarifa hiyo.

Hapa wengi hukosea kwa kuingia barabarani na mabango yanayosema kampuni ni katili. Hasira ni haki yao, lakini hasira hailipi mishahara ya madereva. Watu wa Wakayama walikuwa na mifano miwili mlangoni. Reli ya Nokami, katika mkoa huohuo, ilikufa mwaka 1994. Reli ya Arida ikafuata mwishoni mwa mwaka 2002. Walijua kwamba reli ikishang'olewa hairudi, na kwamba basi linaloletwa badala yake huanza na safari nyingi, likaishia na chache. Kwa hiyo waliuliza swali gumu kuliko la nani mwenye makosa. Waliuliza: tukiitaka, tutatoa nini?

Hatua ya 3: Kusanya majirani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila anayesimulia habari za paka, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Wakazi waliunda chama cha kujenga mustakabali wa njia ya Kishigawa. Ada ya uanachama ilikuwa yeni 1,000 kwa mwaka, bei ya mlo mmoja wa mchana wa kawaida. Wakajiandikisha zaidi ya watu 6,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini faida kubwa ya ada ile haikuwa fedha. Ilikuwa ni orodha ya majina. Mwanasiasa anaweza kuyapita mabango mia bila kugeuza shingo. Majina 6,000 ya watu waliotoa fedha mfukoni hayapiti, kwa sababu anajua kila jina linapiga kura na lina jirani.

Namna ya kufanya: pita nyumba kwa nyumba. Waandikishe hata wenye magari, hasa hao, kwa sababu mwenye gari naye ana mama mzee na mtoto wa sekondari. Usiwaombe kuipenda reli. Waombe kuihesabu: reli ikifungwa, mtoto huyu atafikaje shule, na nani ataacha kazi mapema kumpeleka? Fanyeni usafi wa stesheni wenyewe. Pakeni rangi mabenchi. Anayefagia jukwaa kwa mkono wake hatakubali kirahisi kuambiwa kuwa jukwaa hilo halina mwenyewe.

Hatua ya 4: Mtafute mwokotaji, na mwandikiane

Upendo mtupu haulainishi magurudumu. Baada ya majirani kuonekana, serikali zilikaa mezani. Mkoa wa Wakayama ulitoa fedha za kununua ardhi iliyo chini ya reli. Jiji la Wakayama na mji wa Kishigawa, ambao ndio uliomezwa na Kinokawa, wakakubali kubeba hasara ya uendeshaji kwa miaka 10, isizidi yeni milioni 820 kwa jumla. Gawa mwenyewe: ni milioni 82 kwa mwaka, mahali ambapo hasara ilikuwa milioni 500. Aliyekubali kuiendesha reli kwa mkataba huo alijua fika kwamba lazima abane matumizi na aongeze abiria kwa pamoja.

Aliyekubali alitoka mbali. Ilikuwa kampuni ya tramu ya mji wa Okayama, yenye mtandao wa kilomita 4.7 tu, ambayo ghafla ilichukua reli ndefu mara tatu ya ile yake. Ikaunda kampuni tanzu, Reli ya Umeme ya Wakayama, na tarehe 1 Aprili 2006 treni ya kwanza ikaondoka chini ya mwenye mali mpya.

Zingatia umbo la mapatano haya, maana unaweza kuyaiga hata kama huna paka. Umma unamiliki ardhi, kampuni inaendesha treni, hasara ina kikomo kilichoandikwa, na wakazi wana kiti mezani kwa sababu walilipa kabla ya kuombwa. Reli ndogo ni huduma kama maji ya bomba, na anayeitaka ijilipie yenyewe kila senti ameamua tayari kuiua.

Hatua ya 5: Mwajiri paka

Sasa umefika. Kampuni mpya, kwa kubana matumizi, iliondoa wafanyakazi katika stesheni ndogo, na Kishi ikabaki bila mtu. Jirani na stesheni palikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa akifuga paka. Mmoja wao aliitwa Tama, aliyezaliwa tarehe 29 Aprili 1999, mwenye rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya chungwa. Wajapani humhesabu paka wa rangi tatu kuwa wa bahati, na sanamu ya paka anayeinua mkono kuita wateja hukaa milangoni mwa maduka mengi nchini humo.

Tatizo lilitoka palepale penye suluhisho. Ardhi ilipokuwa ya umma, kibanda cha paka kilichokuwa kwenye ardhi hiyo kilitakiwa kuondolewa. Mwenye duka akamwendea rais wa kampuni, Mitsunobu Kojima, akamwomba paka waruhusiwe kuishi stesheni. Kojima amesimulia mara nyingi kwamba alipomtazama Tama machoni alimwona amevaa kofia ya mkuu wa stesheni.

Mtu mwingine angesema kanuni haziruhusu mifugo. Kojima alikuwa na stesheni isiyo na mkuu na paka asiye na nyumba, akaona hapo nafasi moja ya kazi. Tarehe 5 Januari 2007 Tama akateuliwa rasmi kuwa mkuu wa stesheni ya Kishi. Mama yake, Miiko, na paka mwenzao Chibi wakawa wasaidizi wake.

Sifa za kuzingatia unapoajiri: awe mtulivu, asiogope watu, asishtuke treni inapopiga honi, na akubali kuvaa kofia. Mwisho na muhimu, awe wa hapohapo. Tama hakuletwa na wataalamu wa matangazo. Abiria walikuwa wakimjua kabla hajapata cheo, na ndiyo maana cheo kilimkaa.

Hatua ya 6: Mpe kazi ya kweli

Ukimteua paka kwa mzaha, umma utacheka wiki moja na kusahau. Kampuni hii ilimteua kwa adabu yote. Alipewa hati ya uteuzi, kofia yenye nembo iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake, kibao cha jina, na mshahara wa chakula cha paka. Wajibu wake uliandikwa: kuwapokea abiria. Alipewa siku za mapumziko, na uzee ulipomwingia zikaongezwa.

Nalitetea jambo hili kwa moyo wote. Stesheni isiyo na mtu inaumiza kwa namna ambayo hesabu haiioni. Unashuka jioni, taa inawaka, hakuna anayejua kwamba umefika. Mkuu wa stesheni wa zamani alikuwa akikata tikiti, lakini pia alikuwa akijua mtoto wa nani amechelewa kurudi. Kampuni ile haikuwa na uwezo wa kumrudisha mtu huyo. Ilimrudisha kiumbe mwenye kukutazama unaposhuka, na watu wakalipokea hilo kwa shukrani kuliko walivyotarajia wahasibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja. Profesa Katsuhiro Miyamoto wa Chuo Kikuu cha Kansai alikadiria kwamba katika mwaka wake wa kwanza kazini Tama aliuingizia uchumi wa eneo lile kama yeni bilioni 1.1. Abiria wa mwaka wakavuka tena milioni 2.

Hatua ya 7: Pamba treni kwa kinacholimwa hapo

Mgeni akishamwona paka atataka kupanda kitu. Usimpandishe kwenye behewa lililochoka na kumwambia afurahie mandhari.

Kojima alimleta Eiji Mitooka, msanifu mzaliwa wa Okayama aliyekuwa amezipamba treni za kisiwa cha Kyushu, na ambaye baadaye alisanifu treni ya kifahari ya Nanatsuboshi iliyoanza safari mwaka 2013. Treni mpya hazikununuliwa. Mitooka alichukua mabehewa ya zamani yaliyoachwa na Nankai akayavua na kuyavika upya, moja baada ya jingine.

Ya kwanza, mwaka 2006, ilikuwa Treni ya Stroberi, kwa sababu Kishigawa ni nchi ya stroberi. Wakazi na wapenzi wa reli walichangia gharama zake. Mwaka 2007 ikaja Treni ya Vitu vya Kuchezea. Mwaka 2009 ikaja Treni ya Tama, yenye michoro 101 ya paka huyo ubavuni na sharubu usoni, na ndani yake rafu za vitabu vya watoto. Mwaka 2016 ikaongezwa Treni ya Umeboshi, tunda lililokaushwa na kutiwa chumvi ambalo Wakayama huongoza Japani kwa kulizalisha.

Funzo la hatua hii ni dogo na linapuuzwa kila mahali: usiweke kwenye treni yako picha ya mnara wa nchi nyingine. Weka kilicho shambani kwa jirani. Mkulima wa stroberi akiiona treni ya stroberi inapita, anajua ni yake, na siku ya mkutano wa bajeti atainua mkono.

Hatua ya 8: Jenga stesheni yenye uso

Jengo la zamani la Kishi lilikuwa la mbao na limechakaa. Mwezi Agosti 2010 likafunguliwa jipya, kazi ya Mitooka huyohuyo. Ukisimama mbele yake unatazamwa na paka: paa lina masikio mawili, madirisha ni macho, na usiku taa zikiwashwa macho yanang'aa. Ndani kuna ofisi ya mkuu wa stesheni yenye kioo, mkahawa na duka la zawadi.

Anayelitazama haraka atasema ni jengo la watoto. Mwambie atazame paa. Limeezekwa kwa magamba ya gome la mti wa hinoki, ufundi wa kale ambao Japani huutumia kwa mahekalu na majumba ya heshima. Gome huchunwa kutoka mti ulio hai bila kuuua, likapangwa tabaka juu ya tabaka na kukazwa kwa vijiti vya mianzi. Katika mkoa wa misitu, kwenye reli iliyojengwa kuwapeleka watu kwa mungu wa miti, hakuna paa lililostahili zaidi. Ukitaka watu wachukue uchangamfu wako kwa uzito, ujenge kwa ufundi uleule ambao ungejengea hekalu.

Hatua ya 9: Mpandishe cheo kwa wakati

Chanda chema huvikwa pete. Mwezi Januari 2008 Tama alipandishwa kuwa mkuu wa stesheni wa daraja la juu, na kwa cheo hicho akawa jike pekee katika ngazi ya uongozi ya kampuni. Lisome hilo tena, na kama kampuni yako iko hivyo, una kazi nyingine ya kufanya kabla ya kutafuta paka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo gavana wa Wakayama alimtunuku cheo cha heshima kinachofanana na kile cha Sir wa Waingereza, kwa mchango wake katika utalii wa mkoa. Mwaka 2010 akawa ofisa mtendaji wa kampuni.

Kila cheo kililetwa na sherehe, kila sherehe ikaleta waandishi wa habari, na kila habari ikaleta abiria. Hakukuwa na udanganyifu ndani yake. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kuwapokea abiria, na aliwapokea kwa wingi.

Hatua ya 10: Mzike kwa heshima, na uwe na mrithi

Tama alifariki tarehe 22 Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 16, kwa maradhi ya moyo. Mazishi yalifanyika tarehe 28 Juni palepale Kishi, kwa taratibu za Kishinto, na watu wapatao 3,000 walihudhuria. Alipewa cheo cha mkuu wa stesheni wa heshima wa milele, na kwa imani ya wenyeji akahesabiwa miongoni mwa waliotukuka. Hekalu lake dogo liko kwenye stesheni hiyo. Reli iliyoanza kwa mahekalu matatu sasa ina la nne, na la nne ni la mfanyakazi wake.

Huzuni isikukute bila maandalizi. Tangu mwaka 2012 kampuni ilikuwa imemweka paka mwingine wa rangi tatu, Nitama, kwenye stesheni ya Idakiso kujifunza kazi. Nitama aliokotwa Okayama akiwa hana kwao. Mwezi Agosti 2015 akarithi Kishi. Mwaka 2017 paka wa zamu ya baadaye, Yontama, akaanza kazi Idakiso. Ofisi nyingi za binadamu, ambako mkubwa mmoja akistaafu faili zote hupotea naye, zina la kujifunza kwa paka hawa.

Makosa matatu ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuanza na paka. Baada ya Tama, stesheni kadhaa za Japani ziliajiri wanyama, na nyingine zilifanikiwa. Ashinomaki Onsen, katika mji wa Aizuwakamatsu, ilimpa paka aliyeitwa Basu ukuu wa heshima mwaka 2008, naye akapendwa sana. Lakini chunguza: pale pia palikuwa na wakazi waliojiunga kuilinda stesheni yao, na reli yenyewe ilikuwa imechukuliwa na kampuni yenye mkono wa serikali za eneo hilo tangu mwaka 1987. Paka alikuta nyumba ina watu.

Kosa la pili ni kumfanya mnyama mashine ya kuvuta fedha. Paka mzee apumzike. Paka anayeogopa umati asilazimishwe. Tama alipendwa kwa sababu alionekana ametulia, na alitulia kwa sababu aliyemlea alikuwa mtu aliyempenda kabla hajawa maarufu. Hakuna bajeti inayonunua hilo.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: kudhani wageni watailisha reli milele. Mgeni huja Jumamosi, hupiga picha, hununua biskuti zenye sura ya paka, huondoka. Jumanne ya mvua, saa moja asubuhi, treni inasimama kwa mwanafunzi mwenye tikiti ya mwezi na muuguzi anayewahi zamu. Hao ndio reli. Watoto wakiendelea kupungua na magari yakiendelea kuongezeka, hakuna sharubu zitakazoziba pengo lao, na kila mkataba wa ruzuku ukimalizika majirani wanapaswa kurudi mezani na karatasi yao ya hatua ya kwanza.

Hatua ya mwisho: Panda treni

Baada ya kampeni, mkataba, kofia, stroberi na paa la hinoki, imebaki kazi moja ambayo huwezi kumwachia paka. Nunua tikiti. Siyo ya siku ya sherehe; ya siku ya kawaida, ya kwenda sokoni au kumwona shangazi, siku ambayo gari lako liko tayari mlangoni na ungeweza kulipanda.

Wanachama wa Kishigawa walilijua hili tangu mwanzo. Walilipa ada, wakafagia majukwaa, kisha wakapanda treni waliyoipigania, na walianza kufanya hivyo kabla Tama hajavaa kofia. Stesheni ndogo hufungwa na watu wanaoipenda kwa mbali. Ile unayoipenda wewe ina ratiba ukutani. Isome, na kesho uwe mmoja wa wanaosubiri jukwaani.